Samaki Mkavu Naye Hukunjika

"Hilo chukua kwa buku, mzee. Watoto watalimalizia."

Aliyesema hivyo ni kijana muuza midoli ya mtumba pale Mwanjelwa, Jumamosi saa tatu asubuhi, amekalia ndoo, turubai lake liko mbele yake. Nilichoshika mkononi kilikuwa Land Rover 109 ya plastiki, ya aina ile inayouzwa ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, mnunuzi akaiunde mwenyewe kwa gundi. Ni gari lililopunguzwa mara 24: sentimita 24 za gari la kweli zimekuwa sentimita moja. Na mtoto wa watu aliyeliunda, huko Ulaya alikokuwa, alikuwa amelivuruga hasa. Boneti imekaa upande. Mlango wa kushoto uko juu kuliko wa kulia. Kioo cha mbele kimeota ukungu mweupe. Gurudumu la nyuma la kulia linaning'inia hewani kama mguu wa mbwa aliyefika kwenye nguzo. Juu ya yote hayo imemwagwa rangi ya kijani, nzito, na nywele za brashi zimegandia humo humo.

Nikatoa buku. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kujieleza.

Hakuna anayenikataza kupenda vitu vya zamani. Watu wa Mbeya wanajua kukiheshimu kitu kilichochakaa: baiskeli ya babu, redio ya mbao, cherehani ya mama. Vile vilifanya kazi, wananiambia, vimechoka, vinastahili matunzo. Lakini hiki chako hakikuchoka. Hiki kiliharibiwa siku ileile kilipoundwa, na kilichoundwa vibaya tangu mwanzo hakina dawa. Kitupe, ununue kingine. Kisha inakuja methali, maana kwetu hoja ikiishiwa pumzi huitiwa methali ije imsukume mtu mlangoni: samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu mwenzangu mmoja akaongeza na ile ya maji yakimwagika hayazoleki.

Nimewasikiliza wote kwa adabu. Sasa na wao wanisikilize.

Nianze na huyo wa maji. Anaendesha Noah, ambayo ilifika nchini ikiwa imeshatumika Japani, kama magari mengi tunayopanda. Mwaka jana aliiparamisha kwenye ukingo wa kalavati, bampa la mbele likapasuka kuanzia kwenye taa hadi kwenye kibao cha namba. Fundi alipolishusha akakuta ufa wa zamani palepale, umeshazibwa na mtu mwingine kwa puti tupu na rangi juu. Ilibidi kwanza aikwangue kazi ya aliyetangulia, yote, hadi kwenye plastiki. Ndipo akapasha chuma moto, akazamisha vipande vya waya kuvuka ufa, kimoja baada ya kingine, kama daktari anayeshona paja la mwendesha bodaboda. Puti, msasa, rangi. Mwenzangu akalipa, akafurahi, akatuita maegeshoni tutazame. Hiyo ilikuwa plastiki. Iliharibiwa na fundi pia, si na barabara peke yake. Ikatengenezeka. Mbona siku ile hakuyataja maji?

Tena plastiki ya bampa ndiyo yenye kiburi kati ya hizo mbili. Mabampa mengi ni ya polipropilini, ambayo gundi nyingi inazikataa katakata, ndiyo sababu mafundi wanaiendea kwa moto na waya. Magari haya madogo ni ya polistareni, na sijui plastiki iliyo pole kuliko hiyo. Inakubali wembe, inakubali msasa, inayeyuka ndani ya tina, na tina ikisharuka inarudi kuwa plastiki ileile iliyokuwa.

Niliwahi kukaa nusu siku Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, basi letu likiwa limekufa rejeta. Fundi alikuwa mtu mzima, mfupi, hasemi sana. Alitumia saa nzima kung'oa gundi na vitambaa ambavyo mtu fulani alivisokomeza kwenye tangi la juu, na dereva alipomharakisha akajibu bila kuinua kichwa: "Bwana mdogo, nusu ya kazi yangu ni kutoa kazi ya mtu." Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya ufundi wa Nyanda za Juu Kusini. Sisi vitu havitufikii vikiwa na nailoni. Vinatufikia vimeshafunguliwa, vimeshakosewa, vimeshafungwa kwa skrubu zisizo zake. Tukikubali kwamba kilichokosewa hakirekebishiki, kuanzia Uyole hadi Mafinga hakuna gereji itakayofungua Jumatatu.

Wako wanaojibu kwamba gari la kweli linapeleka watu hospitali, hili la kwangu halimpeleki mtu popote. Kweli. Wala saa ya ukutani iliyosimama haimpeleki mtu popote, na picha ya harusi pia. Hoja yao imeshahama hapo: walianza kwa kusema haliwezekani, sasa wanasema halina faida. Nawashukuru kwa kukiri la kwanza.

Basi faida. Matumizi yangu mpaka leo ni chupa ndogo ya mafuta ya breki, karatasi tatu za msasa wa maji, vichupa viwili vya supaglu na pakiti ya magadi soda ya kupikia niliyoichukua jikoni bila kibali. Hayo yote hayajafika bei ya jogoo. Kile kingine ninachoambiwa nikanunue, sijakiona Mwanjelwa, sijakiona Kabwe, sijakiona Soko Matola; ni cha kuagiza ng'ambo, na nauli yake itazidi bei yake. Kuhusu muda, wanaoniuliza ninaupata wapi ni walewale ambao Jumapili jioni huniuliza kwa nini sikuja kutazama Arsenal.

Mmoja alinijia na sheria. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, akasema, na wewe unaokota plastiki. Ndugu yangu, kilichopigwa marufuku ni kitu cha kubebea nyanya kwa dakika kumi kisha kikae mtaroni maisha yote. Mimi nina kitu ambacho kimeshavuka bahari na bado nataka kiishi. Kama tunachukia plastiki ya kutupa, basi anayenishauri nitupe ndiye aliye upande wa mfuko.

Lakini neno linaloniudhi kuliko yote ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Tuutazame basi ulipoanzia. Kampuni ya Airfix ilianza London mwaka 1939. Kifurushi chake cha kwanza cha kuunda, kilichotoka mwaka 1949, kilikuwa trekta la Ferguson. Wala halikuundiwa watoto: lilikuwa sampuli iliyoagizwa ili mawakala wa Ferguson wapate cha kumwonyesha mkulima. Kiwandani waliunganisha kwa mikono, wakaona gharama inapanda, wakaamua kuliuza likiwa vipande kwenye maduka ya Woolworths, kila mtu akajiundie kwake. Ferguson huyo mwaka 1953 akaungana na Massey-Harris, na jina la Massey Ferguson halihitaji mkalimani Ismani wala Mbarali. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo leo wapenzi wa magari haya wanaitaja kama wengine wanavyotaja timu, ilianza mwaka 1946 ikiwa mashine ya kupasua mbao, mfano wa hizi tunazozipita Mafinga vumbi likiwa limetanda barabarani. Kwa hiyo mchezo huu ni mtoto wa trekta na mbao. Sisi tuna trekta, na mbao tunazo hadi tunazikimbiza Dar es Salaam usiku. Uzungu wake uko wapi?

Na kabla ya boksi la mtu yeyote tulikuwa na mabua. Nilikulia Iringa, na baada ya mavuno kila mtoto alikuwa na karakana. Ganda la bua la mahindi likichanwa kwa meno linatoa vipande vyembamba, vigumu, vyenye ncha. Moyo wake mweupe ni laini, unachomeka popote. Kwa ganda na moyo huo unapata fremu, boneti na kibanda cha dereva. Matairi ni ya ndala iliyokatika, yamekatwa duara kwa wembe. Fimbo ndefu ya mwanzi ndiyo usukani, unaendesha umesimama. Gari hilo lilikuwa likivunjika kabla halijafika kisimani. Tuliliunda vibaya, tukaliunda upya, tukabadilishana ekseli, mwenye ndala nene akawa tajiri. Hakuna mzee aliyepita akatuambia kwamba kwa kuwa mmekosea mwanzo, basi tupeni. Woga huu wa kazi iliyokosewa tumeupata ukubwani.

Sasa niwaonyeshe meza, maana naona nabishana na watu ambao hawajawahi kuligeuza gari juu chini.

Rangi iliondoka kwanza. Fundi yeyote anajua mafuta ya breki yakidondokea boneti yanakula rangi. Kosa hilo la gereji kwangu likawa dawa. Nililizamisha gari kwenye kopo la siagi kwa siku mbili, nikavaa glavu, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Kijani kikatoka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na chini yake plastiki rangi ya krimu, haina jeraha. Tina ingefanya hivyo kwa dakika moja na ingeondoka na gari lenyewe.

Gundi ilitaka baridi. Supaglu ikiganda sana inakuwa dhaifu kama kioo, na hata Mbeya ya Julai, pamoja na sifa zake zote, haifikii baridi inayotakiwa. Nikaenda kwa mama mwenye duka jirani, mwenye friza ya samaki na barafu.

"Mwalimu, shikamoo. Na hili nalo tunaliuza la baridi?"

"Marahaba, mama. Lilale tu hadi kesho."

Likalala kati ya sato na soda. Asubuhi nililibana kwa vidole, viungo vikaanza kuachia kimoja kimoja, tak, tak. Havikuachia vyote. Vilivyokataa vilikuwa vimeungwa kwa gundi halisi ya magari haya, ambayo haigandishi bali inayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Hivyo nilivifuata kwa wembe, taratibu, kwa siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mtoto yule.

Kwenye lile gurudumu linaloelea kulikuwa na tabaka tatu za gundi. La chini kabisa ni la gundi ya kuyeyusha, kidogo, safi, limewekwa kwa uangalifu ambao sikuutegemea. Juu yake tabaka la pili la gundi hiyohiyo, limezidi, limefurika hadi kwenye springi. La tatu ni supaglu, imemwagwa, na mvuke wa supaglu ndio uliopanda ukatua kwenye kioo cha mbele ukaacha ule ukungu. Mtoto aliunga gurudumu, likakataa kugusa meza. Akalitoa, akaliunga tena. Likakataa. Akaenda kuomba gundi kali, au akaletewa na mkubwa, akamwaga kwa hasira. Ndani ya mafuriko hayo, upande wa chini, kumebaki alama ya kidole gumba, mistari yote inasomeka. Kidogo kuliko changu mara mbili.

Mara tatu alijaribu! Na kosa halikuwa kwenye gurudumu. Nilipoivua bodi nikaipima fremu. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kwa gari la kweli. Ukigawa kwa 24 unapata kama sentimita 11 na nusu. Urefu ulikuwa sawa kushoto na kulia. Lakini fremu yenyewe ilikuwa imejisokota kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, kona moja imeinuka milimita tatu. Iwe ilipindia kwenye boksi, iwe ni kwenye kalibu, haikupindishwa na gundi. Boneti kukaa upande, mlango kupanda, vyote vilitokana na fremu. Angeunganisha nani? Mimi ningeunganisha vilevile, pengine bila subira ya tabaka la kwanza.

Matairi nayo tulimsingizia. Rimu mbili zilikuwa zimeyeyuka pembeni, nami nilishasema moyoni kwamba hapa alichezea kibiriti. Sivyo. Tairi za magari haya ni za vinaili laini, na kile kinachoilainisha hutoka polepole, mwaka hadi mwaka, kikaila polistareni inayoigusa. Hilo ni kosa la waliochagua vifaa.

Hivyo tukiambiwa kitu kimeundwa vibaya, tuulize vibaya kwa sababu ya nani. Tumezoea kumtazama wa mwisho aliyekishika. Nimewahi kuona, kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, kijana mwanagenzi akifukuzwa kwa kuunga tangi likavuja mara tatu. Wiki mbili baadaye tajiri mwenyewe aligundua bati lilikuwa na kutu ndani kwa ndani. Kijana hakuitwa kurudi.

Kuna mpinzani mmoja nampa heshima yake, kwa sababu hasemi nitupe. Yeye anasema niache. Ni mwalimu wa historia, na anasimama juu ya Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho: kwamba kila kovu ni ushahidi, na kwamba mimi, nikisafisha, namfuta mtoto yule. Hoja hii ilinikosesha usingizi usiku mmoja mzima. Lakini Boma lingeachwa na paa linalovuja kwa heshima ya aliyelijenga, leo tungekuwa tunahifadhi udongo. Na zaidi, mtoto huyu ameacha ushahidi wa alichokitaka. Alitaka magurudumu manne mezani. Tabaka tatu za gundi ni barua, na barua hujibiwa. Alama ya kidole sijaigusa msasa. Iko ndani ya fremu, na bodi ikirudi haitaonekana isipokuwa kwa anayejua.

Yaliyobaki ni ya kawaida na yana raha yake. Vitu vinavyokosekana nimevitafuta nyumbani. Kasha la CD ya kwaya, ambayo hakuna tena mashine ya kuipiga, ni polistareni angavu: limetoa madirisha mawili ya nyuma. Mwili wa kalamu ya Bic, ile ya kuona wino, ni plastiki hiyohiyo: umenipa taa za mbele. Kioo chenye ukungu nilikipitia kwa msasa namba 1200 wenye maji, halafu dawa ya meno na kitambaa cha fulana, kama vijana wanavyosugua taa za Noah kando ya barabara, na sasa unaweza kuhesabu usukani una mikono mingapi. Nyufa za boneti nimezijaza uji: vijipande vya kasha lilelile vimelowekwa kwenye tina hadi vikalainika. Kwenye mashimo makubwa, supaglu na magadi, inakauka kabla hujavuta pumzi na inakuwa ngumu kama jino.

Imebaki fremu, na imebaki ile methali. Huyu samaki si mbichi. Lakini wanaoitumia methali hiyo dhidi yangu hawajawahi kuuliza samaki wa polistareni hukunjwaje. Plastiki hii huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100, na ikizidi hapo inajikunyata isiokoleke. Mtu wa Dar es Salaam akichemsha maji yake anakuwa ukingoni kabisa. Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa. Nilizoea kuulaumu mwinuko huu kila nikinunua gunia. Kwa fremu hii umenifaa: maji yangu hata yakitokota hayawezi kuichoma, yanailegeza tu.

Nimeibana kwenye kipande cha kigae kwa vibanio vya nguo sita, nikaitumbukiza kwenye sufuria, nikahesabu dakika mbili, nikaihamishia kwenye beseni la maji baridi ya bomba, ambayo hapa kwetu hayahitaji friza. Mara ya kwanza milimita tatu zimekuwa mbili. Mara ya pili, moja. Jana jioni niliweka magurudumu bila gundi, nikapitisha karatasi ya daftari chini ya lile la nyuma kulia. Karatasi imepita bado, ila safari hii kwa kukwaruza. Jumamosi naomba tena vibanio kwa mke wangu, akishaanua.